Mvua ya Kwanza Ina Mbolea Yake, na Tunaiacha Izame

Mahindi yaliyopandwa na mvua ya kwanza na yaliyopandwa wiki tatu baadaye hayafanani, hata mbegu ikiwa moja, mbolea moja na shamba moja. Ya mwanzo hukoza kijani. Ya nyuma huanza kupiga manjano majani ya chini kabla hata ya palizi ya kwanza. Wakulima wanalijua hilo tangu zamani. Maelezo wanayopewa ndiyo hayatoshi. Huambiwa aliyechelewa kakosa mvua, ilhali mara nyingi mvua aliyopata ilitosha hadi kukomaza. Alichokosa ni naitrojeni ambayo udongo wenyewe uliitoa siku za mwanzo, ikakosa mizizi ya kuipokea, ikazama.

Naitrojeni hiyo hutengenezwa na vijidudu vya udongo: bakteria, kuvu na jamaa zao wasioonekana kwa macho. Kijiko cha chai cha udongo wenye mboji huweza kubeba bakteria bilioni moja. Umati huo haufanyi kazi kwa kasi moja mwaka mzima. Una msimu wa kulala na msimu wa kula. Ninachodai ni kwamba ratiba yao ndiyo ingepaswa kuongoza ratiba ya jembe na ya mfuko wa mbolea, na kwamba katika nchi za masika na vuli ratiba hiyo hushikwa na maji kuliko joto.

Chukua Nairobi. Wastani wa joto wa Julai na ule wa Machi hupishana kwa nyuzi nne hivi. Kanuni ya kukadiria husema kazi ya vijidudu huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10, alimradi joto halijafika la kuviunguza. Kwa nyuzi nne, basi, kasi hubadilika kwa theluthi moja tu. Maji huibadilisha kutoka karibu na sifuri mwezi Februari hadi kileleni ndani ya siku mbili za mvua. Ulaya mambo ni kinyume: majira ya baridi yakiisha udongo umelowa tayari, kinachosubiriwa ni jua. Ndiyo maana vitabu vya huko husema naitrojeni huamka udongo unapopata joto. Sisi tumerithi jedwali za mbolea zinazohesabu siku tangu mbegu ilipofukiwa, na hakuna safu ya kuandika mvua ya kwanza ilinyesha lini.

Aliyeliweka jambo hili kwenye vipimo hakuwa mbali. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kulikuwa na makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu iliyohudumia nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Hapo mkemia wa udongo, H. F. Birch, alikausha udongo, akaulowesha, akapima hewa ukaa inayotoka na naitrojeni inayobaki, kisha akarudia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1958 yalikuwa wazi. Udongo mkavu ukiloweshwa, mboji huoza kwa kishindo kwa siku chache, halafu kasi hushuka. Ukikaushwa na kuloweshwa tena, kishindo hurudi, ingawa hupungua kadiri unavyorudia. Na kadiri ukavu ulivyokuwa mrefu ndivyo kishindo kilivyokuwa kikubwa. Leo tukio hilo hubeba jina lake, athari ya Birch, na huchunguzwa California, Hispania na Australia. Kwenye kipeperushi cha mkulima wa Kiambu, ambako jambo lenyewe lilipimwa, ni nadra kulikuta.

Ndani ya udongo mambo huenda hivi. Kiangazi kinapoingia, maji hubaki kama utando mwembamba kuzunguka chembe. Bakteria, wanaosogea na kulishwa kupitia utando huo, hukwama kila mmoja kwenye kisiwa chake. Kuvu hustahimili zaidi, kwa kuwa nyuzi zake huvuka matundu yenye hewa kutoka chembe moja hadi nyingine. Tena vijidudu huendelea kula hata baada ya mmea kushindwa: mharage ukishainamisha kichwa usiinuke tena hata usiku, chini yake bado kuna kuvu walio kazini. Lakini wale wanaogeuza amoniamu kuwa naitreti (sura mbili za naitrojeni ambazo mizizi hunyonya) huweka chini zana mapema kuliko wale wanaoizalisha amoniamu yenyewe. Kwa hiyo kiangazi amoniamu hulundikana kidogo kidogo, ikisubiri wa kuigeuza.

Kila kijidudu kina namna yake ya kuvuka. Wapo wanaojaza seli zao sukari na asidi amino ili maji yasiwatoke. Bakteria wa jamii ya Bacillus hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu la kulalia. Aktinobakteria, bakteria wanaoota kwa nyuzi kama kuvu, hustahimili vizuri sana, na hao ndio chanzo kikuu cha ile harufu inayopanda tone la kwanza linapogusa vumbi. Kemikali yake huitwa jiosmini, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa chache kupita kiasi. Walioshindwa hufa, wakabaki udongoni kama ng'onda kwenye uchanja.

Kisha mvua inapiga. Maji huingia kwa ghafla kwenye seli zilizojaa sukari: nyingine hupasuka, nyingine hunusurika kwa kutapika akiba yote waliyojiwekea. Mabonge ya udongo humumunyuka na kufunua mboji iliyokuwa imefichwa ndani. Waliokufa hugeuka chakula. Waliobaki hula vyote hivyo kwa pupa, na ndani ya saa chache hewa ukaa huanza kutoka kwa wingi. Kwa kawaida kilele huwa siku ya kwanza au ya pili. Sasa angalia hesabu. Mwili wa bakteria una takriban sehemu tano za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Anayeula mwili huo huchoma kaboni nyingi kwa kupumua, akabaki na naitrojeni asiyoihitaji, akaitoa kama amoniamu. Protozoa na minyoo midogo ya nematodi wanaowinda bakteria hufanya vivyo hivyo. Wiki moja hadi tatu baadaye, katika udongo wenye joto na usio mchachu sana, sehemu kubwa ya amoniamu hiyo imeshakuwa naitreti.

Anayetaka kuliona kwa macho anahitaji mitungi mitatu ya kioo yenye vifuniko vinavyobana, udongo wa shambani na chokaa iliyozimwa. Chekecha udongo, gawa mara mbili. Nusu ianike juani kwenye sinia siku tano ukiigeuzageuza. Nusu ihifadhi ikiwa na unyevu wake kwenye mfuko uliofungwa kwa kulegea, kivulini. Siku moja kabla ya jaribio, koroga kijiko cha chakula cha chokaa kwenye lita moja ya maji, funika, acha usiku kucha, kisha chota maji maangavu ya juu bila kutibua mashapo. Mtungi wa kwanza utie gramu 200 za udongo mkavu na mililita 40 hadi 50 za maji. Wa pili utie gramu 240 za ule wenye unyevu. Wa tatu hauna udongo, una maji kidogo tu. Ndani ya kila mtungi simamisha kikombe kidogo cha dawa chenye mililita 20 za maji ya chokaa, funga, subiri.

Maji ya chokaa hugeuka meupe yakikutana na hewa ukaa. Baada ya saa kadhaa kikombe cha mtungi wa kwanza huanza kufanya utando mweupe juu, nacho huwa na weupe mwingi kuliko cha pili. Cha tatu huchafuka kidogo mno, kwa hewa iliyokuwamo. Linganisha ndani ya saa 24. Ukisubiri siku tatu vyote viwili vitakuwa vyeupe na hutajua nani alitangulia. Jaribio hukosea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kutumia chokaa ya kilimo, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa na haitoi maji yanayobadilika. Ya pili ni kifuniko kinachovuja. Ya tatu ni kumwaga maji hadi udongo ukawa tope, hewa ikakatika. Kipimo cha kutosha ni udongo unaoshikana ukifinywa kiganjani bila kutoa tone. Maji ya chokaa huunguza macho, kwa hiyo watoto wa shule wasiachiwe kuyachota wenyewe.

Ni naitrojeni kiasi gani hutoka shambani? Vipimo vya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960 vimekuwa na tofauti kubwa, kutoka chini ya kilo 20 hadi zaidi ya kilo 100 kwa hekta. Kwa ekari hizo ni kama kilo 8 hadi 40. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo tunazungumzia theluthi ya mfuko hadi karibu mifuko miwili kwa ekari, bila kwenda dukani. Shamba la kichanga lililochoka, lisilo na mboji, litatoa kiasi cha chini. Udongo mwekundu uliovunjwa juzi kutoka msitu au malisho utatoa cha juu. Na tusidanganyane: naitrojeni hii ni ya bure mfukoni tu. Inatoka kwenye mboji, ambayo ni akiba ya miaka. Asiyerudisha samadi, masalia au mikunde anakula mtaji.

Inakokwenda isipopokelewa ndiko panaponikera. Naitreti ina chaji hasi, na chembe nyingi za mfinyanzi zina chaji hasi pia, kwa hiyo haishikwi. Inatembea na maji. Kwenye kichanga, milimita 100 za mvua iliyopenya zinatosha kuishusha kama nusu mita, wakati mche wa mahindi wa wiki mbili mizizi yake haijafika huko. Udongo mwekundu wenye oksidi nyingi za chuma una msamaha kidogo. Chini kabisa una chaji chanya zinazoizuia naitreti isiende moja kwa moja, na watafiti wa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 waliikuta imelundikana chini ya mahindi, kina cha nusu mita hadi mita mbili. Miti ya sesbania iliyopandwa kama mapumziko ya shamba iliweza kuifuata huko na kuirudisha juu kwa majani yake. Lakini huo ni mradi wa msimu mmoja au miwili, nao humtaka mwenye shamba akose mahindi kwa muda huo; mwenye nusu ekari hawezi.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga njia ya kutorokea ni nyingine. Matundu yakijaa maji zaidi ya asilimia 60 hivi, hewa huanza kuwa haba, na bakteria wanaojua kupumua kwa naitreti huchukua nafasi. Naitrojeni hurudi angani, sehemu yake ikiwa oksidi ya naitrasi, gesi inayopasha joto dunia zaidi ya mara 260 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule. Shamba la mbuga lililotuama maji siku nne baada ya mvua ya kwanza kubwa limepoteza mara mbili: mimea imekosa hewa, na naitreti ya kiangazi kizima imepotea. Matuta au mifereji iliyochimbwa kabla ya mvua ndiyo tiba. Kuongeza urea juu ya tope ni kuwalisha bakteria wale wale.

Magugu nayo yasisahauliwe. Huota siku ile ile, bila kusubiri mbegu ya mfadhili wala mafuta ya trekta.

Sasa, mkulima afanye nini? Kwanza shamba liwe tayari kabla ya mvua, maana anayelima baada ya mvua ya kwanza huwa amechangia kishindo mara mbili: jembe huvunja mabonge na kufunua mboji zaidi, halafu anakaa wiki nyingine bila mmea juu. Pili, ajue mwanzo wa kweli wa mvua. Kigezo kinachotumika sana ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu; asiye na kipima mvua achimbe, na kama unyevu umefika sentimita 20, urefu wa kiganja kilichonyooshwa na zaidi kidogo, apande siku hiyo hiyo. Mvua ya milimita tano haitoshi kupanda, lakini inatosha kuamsha vijidudu vya sentimita tatu za juu. Hapo akiba inaanza kuliwa kabla ya mbegu kuingia.

Kupanda kavu, yaani kufukia mbegu vumbini kabla ya mvua, ndiko kunakokamata kishindo vizuri zaidi, na ndiko kunakoumiza zaidi kukiwa na mvua ya uongo. Wanaofanya hivyo kwa mahindi hufukia sentimita saba hadi nane badala ya tano, ili mvua ndogo isiichipushe mbegu kisha jua likaiua. Panya na mchwa huchukua sehemu yao. Mwenye mbegu ya kununua ya kutosha ekari moja tu asiitie yote vumbini. Nusu kavu, nusu baada ya kuhakikisha unyevu, ni busara kuliko ujasiri. Maharage yasipandwe kavu kabisa, kwa sababu mbili: huoza haraka, na bakteria wao wa mizizi, rizobia, hufa kwenye vumbi la moto.

Hapo kwenye rizobia pana uzembe unaogharimu. Pakiti ya gramu 100 ya chanjo ya mikunde, yaani unga wenye rizobia wa kupaka mbegu, kwa kawaida hutosha kilo 15 za mbegu, na iliyomo ni viumbe hai. Ikikaa kwenye dirisha la duka lenye jua, au kwenye buti la gari mchana kutwa, unanunua unga mweusi. Mbegu iloweshwe kwa maji yenye sukari au gamu kidogo, ipakwe kivulini, ipandwe siku ile ile kwenye udongo uliolowa, ifukiwe mara moja. Udongo ulio wazi kiangazi cha nyanda za chini hupita nyuzi 50 kwenye tabaka la juu. Hakuna rizobia anayesalimika hapo kwa idadi ya maana.

Kuhusu mbolea ya kukuzia, ninapingana na jedwali. Aliyepanda na mvua ya kwanza kwenye udongo wenye mboji asikimbilie urea wiki ya pili. Mche bado unanyonya naitreti ya kishindo, na urea anayoongeza itazama pamoja na ile ambayo mche haukuifikia. Asubiri wiki ya nne hadi ya tano, mahindi yakiwa magotini. Aliyechelewa wiki tatu afanye kinyume: kishindo kimempita, kwa hiyo nusu ya kukuzia aitie mapema, wiki ya pili au ya tatu, na nusu iliyobaki baadaye. Jedwali huwapa wote wawili siku moja ile ile. Na urea ifukiwe sentimita tano. Kimeng'enya cha urease, kazi ya vijidudu hao hao, huivunja na kutoa amonia, na ikiwa juu ya udongo wenye unyevu unaokauka, amonia hiyo hupanda hewani. Mvua ya milimita 10 hadi 15 muda mfupi baada ya kuitia huishusha. Umande na manyunyu huivunja tu bila kuizamisha.

Mabua ya mahindi yana mtego wake. Tani moja ya mabua makavu ina kama kilo 430 za kaboni na kilo 7 za naitrojeni. Tukichukua kwamba vijidudu vinavyoyaozesha hujenga miili yao kwa theluthi ya kaboni hiyo, na kwamba miili hiyo, bakteria na kuvu kwa pamoja, ina kaboni nane kwa naitrojeni moja, vitahitaji kilo 18 hivi za naitrojeni. Saba zimo kwenye mabua. Kumi na moja zilizobaki vitazitafuta udongoni, na hiyo ni karibu nusu mfuko wa urea iliyofungwa kwenye miili ya vijidudu wakati mche unalia njaa. Haiko hivyo siku moja, huchukua wiki kadhaa, lakini wiki hizo ndizo za mche. Kwa hiyo anayefukia mabua na mvua ya kwanza amejinyima mwenyewe. Ayafukie mwisho wa msimu uliotangulia, udongo ukiwa na unyevu bado, au ayaache juu kama matandazo, ambapo yanagusana kidogo na udongo na kazi ya kuyaozesha huenda taratibu. Majani ya alizeti pori ni habari nyingine: yakiwa na naitrojeni karibu asilimia 3.5 ya uzito mkavu, hutoa badala ya kunyonya, na hayo yanafaa kufukiwa siku ya kupanda. Samadi mbichi iliyojaa majani ya kulalia ng'ombe ihesabiwe upande wa mabua.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, na si haki kuiruka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, wa udongo kutoka Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, ulionyesha kwamba utofauti wa bakteria hufuata pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake, kuliko joto la mahali. Nakubali. Uchachu huchagua wakaazi. Msimu huwapangia zamu. Shamba la pH 4.8 linaweza kupata mvua ya kwanza nzuri kuliko yote na bado naitreti ikachelewa, kwa kuwa wanaoitengeneza hupunguza kasi sana kwenye uchachu. Huko chokaa ya kilimo hutangulia mjadala huu wote. Pia maji hayatawali kila mahali. Ukipanda Kilimanjaro kutoka Moshi, mvua huongezeka hadi ukanda wa msitu, huku joto likishuka zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Ukishapita msitu, baridi ndiyo inayoozesha taratibu au kugoma kuozesha, na mboji hujilundika kwa ajili hiyo. Ninayosema ni ya wanakolima watu wengi, kuanzia pwani hadi mita 2,000 na zaidi kidogo.

Ukame nao una washindi wake, na mmoja ni hatari kuliko njaa. Aspergillus flavus, kuvu anayetengeneza sumukuvu, huishi udongoni mwaka mzima. Joto kubwa na uhaba wa maji wakati mahindi yanajaza punje humpa nafasi mara mbili: yeye hustawi, na mmea uliochoka hauna nguvu ya kumzuia. Udongoni wapo wa aina yake wenye sumu nyingi, wenye sumu kidogo na wasio na sumu kabisa, na uwiano wao hutofautiana mahali na mahali. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu, na uchunguzi wa baadaye ulikuta mahindi ya eneo lile yametawaliwa na aina yenye sumu nyingi.

Dawa iliyobuniwa kutokana na elimu hiyo inafuata msimu kikamilifu. Aflasafe ni punje za mtama zilizouliwa zisiote na kupakwa spora za aina isiyo na sumu. Hunyunyizwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, ili kuvu wasio na sumu wawahi kujaza nafasi. Inafeli kwa makosa ya maji. Ukiimwaga kwenye udongo mkavu, kuvu hawaoti, na ndege na sisimizi huzibeba punje. Ukiimwaga siku ya mvua ya gharika, inasombwa. Inataka udongo wenye unyevu na shamba lililokwisha kupaliliwa, maana jembe likipita baada yake huzifukia punje na spora hazipandi. Na haimwondolei mtu kazi ya kukausha hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kuweka ghalani.

Mwelekeo wa hali ya hewa unayafanya haya yote kuwa makali. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, maeneo ya mashariki na kaskazini ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia yalikosa mvua misimu mitano mfululizo. Masika ya 2024 Kenya ikapata mafuriko. Ukame mrefu kisha mvua ya kishindo ni mtambo wa Birch uliowashwa hadi mwisho. Msimu wa kwanza baada ya ukame udongo huweza kuonekana tajiri kwa naitreti, na mtu akashawishika kwamba shamba limepumzika. Kwa maoni yangu ni udanganyifu. Misimu mitano bila mimea ni misimu mitano bila mizizi na majani kurudi chini, kwa hiyo kinachotoka ni sehemu ya mtaji ambao haukuongezwa. Hapo ningepanda kunde au fiwi mapema katikati ya mahindi, hata kwa kubahatisha, ili pawe na mizizi ya kutosha ya kuidaka naitreti kabla haijazama, na ningehesabu msimu wa pili kuwa ndio wa kuweka samadi nyingi.

Mwisho ni suala la vipimo, kwa sababu sasa wapimaji wa udongo wamekuwa wengi na bei imeshuka. Sampuli ya naitreti iliyochotwa Februari na iliyochotwa wiki mbili baada ya masika kuanza, shamba lile lile, hutoa majibu yanayoonekana kama ya mashamba mawili. Kwa hiyo mwezi wa kuchota uwe mmoja kila mwaka, na tarehe ya mvua ya mwisho iandikwe kwenye fomu. Chota vijisehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, sentimita 0 hadi 20, changanya, chukua nusu kilo. Kwa pH, fosforasi na potasiamu, udongo unaweza kukaushwa kivulini bila wasiwasi. Kwa naitreti na amoniamu usikaushwe mezani: upelekwe ukiwa na unyevu wake, kwenye boksi la barafu, ufike maabara siku hiyo au ya pili yake. Udongo uliokaushwa mezani kisha ukaloweshwa maabara utatoa kishindo chake humo humo kwenye chupa, na karatasi ya majibu itamwambia mkulima ana naitrojeni ambayo shambani kwake bado haijazaliwa.